Kifua cha Kicheche

Kicheche alipoanza kukohoa, Yunusi alidhani amekwamwa na mfupa. Alikuwa jikoni akikatakata vitunguu, akasikia barazani sauti kama ya mtu anayesafisha koo kwa adabu. Ikakatika, kisha ikarudi. Akatoka na kisu mkononi, akamkuta mnyama amejikunja kwenye kona ya sanduku lake la waya, shingo ameinyoosha mbele na mdomo ameuacha wazi. Memsahibu Harop naye alitokea mlango wa sebuleni wakati uleule. Akamtazama mnyama, akamtazama Yunusi, kisha akakitazama kisu.

"Umempa nini?"

"Ile nyama ya asubuhi tu, Memsahibu. Kama kila siku."

Yule mama alifungua sanduku, akamtoa mnyama na kumweka kifuani pake, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Kwa kawaida mlango ule haukufungwa mchana.

Kusema kweli hakuwa kicheche wa kwetu. Alikuwa mrefu na mwembamba, manyoya yake rangi ya samli, macho mekundu kama shanga, na alikuwa ameletwa kwa meli kutoka Uingereza ndani ya kikapu. Lakini sura na harufu vilikuwa vilevile, kwa hiyo watu wa Nachingwea walimwita kicheche wa Kizungu, na Wazungu wenyewe walimwita Tobi. Alikuwa mali ya Pita, mtoto wa pekee wa akina Harop. Pita alipopelekwa kwao kusoma, alimwachia mama yake mnyama huyo na kumwapisha amtunze mpaka atakaporudi. Bwana Harop alikuwa fundi mkuu wa matrekta na siku nyingi alilala huko mashambani. Basi ndani ya nyumba ile kubwa walibaki Memsahibu na Tobi, na mtu angeweza kumsikia mama huyo akizungumza peke yake, kumbe anazungumza na mnyama.

Mwaka ule, 1951, mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umeshaanza kwenda kombo. Nyumba za Wazungu zilikuwa zinahamwa moja moja. Matrekta yalipangwa uwanjani yakaota kutu, na wafanyakazi walikuwa wanarudishwa makwao kwa makundi. Mtu aliyekuwa bado na kazi aliishika kwa mikono miwili na kumwangalia jirani yake kwa pembe ya jicho. Sababu ndogo tu ilitosha mtu kufukuzwa.

Yunusi alikuwa mtu wa Marambo, mpishi mwenye mkono mzuri na maneno machache. Alikaa katika kibanda cha watumishi nyuma ya nyumba pamoja na mke wake, Mwantumu, mwenyeji wa Ruangwa, na binti yao mdogo, Fatu. Kibanda cha jirani alikaa Kasmiri wa Naipingo, mtunza bustani. Watu hawa walikuwa wamekaa pamoja tangu nyumba ilipojengwa, na walikuwa wameazimana kila kitu cha kuazimana.

Ugonjwa haukupita. Tobi alizidi kukonda. Alikuwa akimeza nyama, kisha nyama inarudi ilivyokuwa, bila kuguswa na tumbo. Mbavu zilipanda na kushuka haraka kama mvukuto wa mhunzi hata alipolala. Mwanzoni Memsahibu alisimama jikoni kumwangalia Yunusi akikata nyama ya mnyama. Baadaye alianza kuikata mwenyewe. Kisha akaanza kufunga kabati la vyakula na kutembea na ufunguo mfukoni, na chai yake akawa anaitengeneza kwa mkono wake. Yunusi alikuwa anabaki amesimama mbele ya jiko lililowaka, hana la kufanya.

Siku moja Memsahibu alimwita Kasmiri barazani. Yunusi aliwaona kupitia dirisha la jikoni lakini hakusikia maneno. Aliona tu Kasmiri anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Baadaye akaitwa yeye.

"Yunusi, mke wako hampendi Tobi."

"Hapana, Memsahibu. Hana ubaya naye."

"Kasmiri anasema Tobi alimwulia vifaranga wake wote. Anasema mke wako aliapa kwamba mnyama huyu naye atakufa."

Jambo la vifaranga lilikuwa kweli. Tobi alitoroka siku moja, na alipopatikana alikuwa amelala usingizi katikati ya vifaranga waliotapakaa. Mwantumu alilia kwa hasira akasema maneno. Lakini hayo yalikuwa mambo ya tangu masika.

"Mtu mwenye hasira husema, Memsahibu," Yunusi alijibu. "Hayo yalikwisha."

"Labda," alisema yule mama. "Labda yalikwisha."

Yunusi alipotoka alimkuta Kasmiri anachimba kwenye mizizi ya waridi.

"Umemwambia nini?"

Kasmiri hakuinua kichwa. "Ameniuliza mimi kwanza, kaka. Alikuwa ananitazama mikono yangu. Ningesema nini?"

Yunusi alikwenda kwenye kibanda chake katikati ya siku, saa ambayo Mwantumu alikuwa kisimani na mtoto. Hakujiambia kwamba anakwenda kutafuta kitu. Alijiambia kwamba anakwenda kuchukua kanzu ya kushona. Hata hivyo, akainua godoro, akafungua chungu cha mtama, kisha akapanda kwenye kigoda akapapasa juu ya boriti ya paa. Mkono wake uligusa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kopo dogo, na juu ya kopo picha ya panya amelala chali. Akalifungua. Unga wa kijivu, harufu kama ya kitunguu saumu.

Akalirudisha palepale alipolitoa, akakiweka sawa kigoda, akarudi jikoni akasahau kanzu.

Jioni Mwantumu aliandaa ugali na kisamvu. Waliketi mkekani, watatu, kama siku zote.

"Karibu, Baba Fatu."

"Kuleni nyinyi. Mimi nimekula jikoni."

Mwantumu alimtazama. Alijua kwamba kabati la Memsahibu limefungwa. Akasogeza sahani mbele ya mtoto. Fatu alimega tonge, akachovya kwenye kisamvu, akalipeleka mdomoni. Hapo ndipo mkono wa Yunusi ulipotoka wenyewe ukamdaka mtoto kifundo cha mkono. Tonge likaanguka mkekani. Fatu alishtuka, kisha akaanza kulia.

Yunusi aliuachia mkono wa mtoto. Mwantumu alikuwa anamkazia macho, na usoni mwake kitu kilipita, kikaondoka, uso ukabaki mtupu. Alimvuta mtoto karibu yake. Akamega tonge kubwa, akala. Akamega lingine, akala. Alikula mpaka sahani ikaisha, huku akimtazama mume wake.

Asubuhi alifunga nguo zake, akambeba Fatu mgongoni.

"Nakwenda kumwona mama," alisema.

Lori la Ruangwa lilimpakia pale sokoni. Yunusi alisimama mlangoni mpaka vumbi lake likatulia.

Kuondoka kwake kuliwaaminisha watu wote jambo ambalo hawakuwa na hakika nalo. Kasmiri aliacha kumtazama Yunusi usoni. Memsahibu aliuliza mara moja tu, "Mke wako yuko wapi?" na alipoambiwa kwamba amekwenda Ruangwa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Na Yunusi mwenyewe, alipokaa peke yake kibandani, alianza kukumbuka vitu. Alimkumbuka Mwantumu alivyozoea kupita karibu na baraza akienda kuanika nguo, na jinsi alivyocheka siku Tobi alipotapika. Je, kweli alicheka, au alikohoa kwa moshi? Kila alichokumbuka kilikuwa na pande mbili, na upande mbaya ndio uliokuja kwanza.

Nchi ile ilikuwa ya mbung'o, ng'ombe ni wachache, na daktari wa mifugo alifika kwa nadra. Lakini wiki ile alikuwa amekuja Ruangwa kutazama mbuzi waliokuwa wakifa, na Memsahibu alipopata habari alimtumia gari. Daktari alikuwa Mzungu wa makamo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifuatana na msaidizi wake, Eusebio, kijana wa misheni aliyekuwa akiongea taratibu na kuwashika wanyama taratibu vilevile.

"Amelishwa sumu," Memsahibu alimwambia daktari hata kabla hajashuka. Alisema kwa Kiingereza, lakini neno lile Yunusi alikuwa ameshalijua.

"Tutaona," alisema daktari.

Walimweka Tobi juu ya meza ya baraza. Memsahibu alijaribu kumshika, lakini mnyama akazidi kuhema. Eusebio akamgeukia Yunusi. "Amekuzoea wewe? Basi mshike hapa mabegani."

Yunusi alimshika. Mifupa ilikuwa imebaki kama vijiti. Daktari alimfunua fizi, akamwangalia macho, akamminya tumbo. Akauliza, na Eusebio akatafsiri. Ameharisha damu? Hapana. Amepata degedege, ametetemeka, ameanguka ghafla? Hapana. Ilianza kidogokidogo au kwa mara moja? Kidogokidogo. Kisha daktari alikizingira kifua cha mnyama kwa vidole vya mkono mmoja, akakibana polepole sehemu ya mbele, karibu na makwapa. Akafanya hivyo tena. Akamwita Eusebio naye abane.

"Kinapaswa kubonyea," Eusebio alimweleza Yunusi kwa sauti ya chini. "Mnyama huyu kifua chake huwa chepesi kama kikapu. Hiki ni kigumu kama ubao."

Daktari akaweka kidole mbavuni na kukigonga kwa kidole kingine, kama mtu anayejaribu pipa kujua lina maji kiasi gani. Huku nyuma sauti ilikuwa wazi. Mbele ilikuwa butu. Akaweka mipira masikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, akihamisha mahali. Moyo ulikuwa unasikika, lakini mbali, umesukumwa nyuma kuliko unavyotakiwa kuwa.

"Kuna kitu ndani ya kifua," alisema. "Inaweza kuwa maji. Inaweza kuwa uvimbe. Inaweza pia kuwa kifua kikuu, na wanyama hawa hukipata kwa binadamu. Nani katika nyumba hii anakohoa?"

Memsahibu aligeuka. Kasmiri, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi, naye aligeuka. Wote wawili walimtazama Yunusi, ambaye wakati ule alihisi kikohozi kinakuja, akakimeza.

"Mimi sikohoi," alisema.

Hospitali ya kambi ya karanga ilikuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa, na daktari wa watu aliiruhusu itumike baada ya wagonjwa kwisha. Yunusi na Eusebio walimlaza Tobi ubavu, wakiwa wamevaa aproni nzito za madini ya risasi, za kukinga miale. Wakati wakisubiri picha ioshwe, waliketi kwenye benchi la nje, mnyama yumo kikapuni kati yao.

Yunusi alizungusha maneno kinywani muda mrefu.

"Kaka Eusebio," alisema mwishowe. "Sumu ya panya, ule unga wa kijivu, mnyama akiila huwaje?"

Eusebio aligeuza kichwa polepole. "Kwa nini unauliza unga wa kijivu? Daktari hakutaja rangi."

Sasa neno lilikuwa limetoka, na Yunusi aliona kwamba kukaa kimya kungekuwa vibaya kuliko kusema. Akasema yote: kopo, boriti, vifaranga, mke kwenda Ruangwa. Hata mkono wa mtoto alisema.

Eusebio alisikiliza bila kumkatiza. Yunusi alipomaliza, Eusebio alisogea kidogo kwenye benchi. Hakusogea kwa nia mbaya, lakini alisogea.

"Lilete kopo kwa daktari," alisema. "Leo hii. Likipatikana na mtu mwingine, hutakuwa na la kusema."

"Akimwambia Memsahibu?"

"Atamwambia. Lakini utakuwa umelileta wewe."

Picha ilipokauka, daktari aliinyanyua mbele ya dirisha. Yunusi hakuwahi kuona kitu kama kile. Mbavu zilionekana nyembamba kama miiba ya samaki. Sehemu ya nyuma ya kifua ilikuwa nyeusi, na Eusebio alisema weusi ule ni hewa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini mbele ya moyo palikuwa na weupe mzito, na njia ya pumzi, iliyopaswa kupita chini kwa mteremko, ilikuwa imenyanyuliwa juu hadi karibu na uti wa mgongo. Kitu kilikuwa kimekaa pale na kuisukuma. Umio nao ulikuwa umebanwa, na ndiyo maana nyama ilirudi.

Daktari alichoma sindano nyembamba katikati ya mbavu mbili akavuta maji, yakatoka yakiwa na rangi ya tui lililochanganyika na damu kidogo. Pumzi ya Tobi ikapoa mara moja. Maji yale akayapaka kwenye vioo, akavitia rangi, akainama kwenye hadubini. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka kazini. Memsahibu, aliyekuwa amewafuata kwa gari, alikaa na mikono mapajani, hamtazami mtu.

Hapo ndipo Yunusi alipoweka juu ya meza lile kopo, ambalo alikuwa amekimbia kulichukua kibandani picha ikiwa bado inakauka.

Memsahibu alisimama. "Lilikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

Uso wa yule mama ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Alitaka kusema, lakini daktari aliinua mkono bila kuondoa jicho kwenye hadubini. Alimaliza kuangalia kioo alichokuwa nacho, ndipo akalichukua kopo na kulinusa.

"Sumu hii huua kwa siku moja, pengine mbili," alisema, na Eusebio akatafsiri neno kwa neno. "Haingoji majuma. Na haijengi kitu kifuani. Hapa sioni vijidudu vya kifua kikuu. Ninachoona ni chembe za aina moja tu, nyingi mno, zimejazana. Huu ni uvimbe, Memsahibu, ule mbaya. Umeanza kukua kabla ninyi nyote hamjasikia kikohozi."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya kutosha. Hakika kamili ni kumpasua."

"Sumu haiwezi kuuanzisha? Kidogo kidogo, kila siku?"

"Hapana."

Aliuliza tena kwa njia nyingine, kisha tena. Ilikuwa kana kwamba angefarijika kama jibu lingekuwa ndiyo.

Hakukuwa na dawa. Kesho yake maji yalijaa tena, Tobi akaanza kuvutia pumzi kwa mdomo, ulimi umekuwa wa buluu. Memsahibu alimshikilia mwenyewe wakati daktari anamchoma sindano ya mwisho. Kisha akasema apasuliwe, na akakataa kutoka. Kulikuwa na uvimbe wa rangi ya mafuta ya nyama, wenye mabonge, umejaza mbele ya moyo na kuzikunja ncha za mapafu. Kwa mnyama mdogo vile ulikuwa mkubwa kupindukia. Tumbo na ini vilikuwa safi. Daktari alimwita Yunusi asogee aone, na Yunusi akasogea.

"Pita ataniuliza," Memsahibu alisema, akiwa hasemi na mtu yeyote. "Ataniuliza nilikuwa wapi."

Akalia. Yunusi alikuwa hajamwona akilia, na alijikuta anamwonea huruma, jambo ambalo hakulitaka. Memsahibu hakumwomba radhi. Jioni ile alisema tu, "Yunusi, nitakunywa chai," akaenda kukaa sebuleni, mlango ameuacha wazi.

Yunusi alimpikia chai. Kisha akaomba ruhusa, na kulipokucha alipanda lori la Ruangwa.

Mwantumu alikuwa uani kwa mama yake, akipepeta mtama. Hakuinuka. Yunusi alimwamkia mama mkwe, akapewa kigoda, na yule mama mzee akamchukua Fatu akaenda naye nje.

"Ulikuwa uvimbe," Yunusi alisema. "Kifuani. Daktari amempasua, nimeuona kwa macho yangu. Hakulishwa kitu na mtu."

Ungo ulisimama mikononi mwa Mwantumu. Machozi yakaanza kumdondoka juu ya mtama.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Ausi, yule mlinzi wa kambi, alinipa ile dawa ya panya, kutoka ghala analolinda. Panya walikuwa wanamaliza mtama wetu, kwa sababu kicheche wao aliwafukuza kule nyumba kubwa wakahamia kwetu. Niliweka kidogo tu, kwenye matundu. Alipougua nikasema amekula panya aliyekufa. Nikaficha kopo. Kila alipokohoa, mimi nilihesabu ni kosa langu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia Memsahibu?"

"Sijui."

"Mimi pia sikujua. Ndiyo maana nilinyamaza." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Hilo la kunishuku juu ya mnyama, Baba Fatu, nakusamehe. Hata mimi nilijishuku. Lakini ulimshika mtoto mkono. Ulidhani ningeweza kumlisha mwanangu?"

"Sikudhani. Mkono ulitoka tu."

"Mkono hautoki tu."

Kuku alipita kati yao akidonoa punje zilizomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Na kama daktari angekuta sumu?" Mwantumu aliuliza. "Ungesema nini juu yangu?"

Njia nzima kwenye lori Yunusi alikuwa ameandaa jibu la swali hili, na lilikuwa jibu zuri. Alipofungua kinywa aliona kwamba si la kweli.

"Kopo nililipeleka mimi mwenyewe kabla daktari hajasema," alisema. "Sikujua atasema nini. Ningekuja hapa vilevile, lakini sijui ningekuja na uso gani."

Mwantumu akachukua ungo, akaendelea kupepeta, sasa polepole zaidi.

"Kule Nachingwea sirudi," alisema. "Sitakaa mlango kwa mlango na Kasmiri, wala sitapita mbele ya baraza lile. Wewe ukitaka kuja, hapa pana shamba la marehemu baba. Linahitaji mtu wa kung'oa visiki."

Yunusi alirudi Nachingwea, akapika mpaka akina Harop walipofunga mizigo mwishoni mwa mwaka ule. Wakati wa kuagana Memsahibu alimpa mkono, na Kasmiri akamsindikiza hadi sokoni akimbebea sanduku, wakizungumza juu ya mvua. Huko Ruangwa aling'oa visiki, akalima ufuta, na mwaka wa pili wakapanda mikorosho. Mwantumu alimpokea, akazaa naye watoto wengine wawili. Lakini miaka ile ya mwanzo, usiku mtoto yeyote akilia, wote wawili waliinuka kwa pamoja, na kila mmoja alitaka kufika kwanza.